Mashine Tuliyoiita Karatu

Utakayesoma haya, nivumilie. Mkono wangu ni mzito, herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na herufi h huenda nimeiweka isipotakiwa na kuisahau inapotakiwa. Niliishia darasa la saba. Tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kuandika majina kwenye magunia kuliko kuandika maneno ya moyoni, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Ukitaka kucheka, cheka, lakini usiache kusoma.

Kilichonifanya nianze ni mwiko. Mwezi uliopita tulimzika Mama Tarsila hapa Karatu. Alikuwa mpishi wa nyumba ya meneja kwenye shamba la mbegu nilikofanya kazi ujanani. Baada ya mazishi binti yake aliniita nyuma ya nyumba, akanipa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Akasema, "Mama aliacha neno kwamba hiki apewe Bura. Sijui maana yake, baba. Miaka yote alikiweka juu ya dari, hakukipikia hata siku moja." Nikafungua. Mwiko wa mti mgumu, mpini wake mrefu, na kwenye ncha ya mpini makovu, kama mtu aliyeutafuna kwa meno. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Miaka arobaini na kitu nilikuwa nikijiambia kwamba hakuna aliyejua.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Zilikuwa enzi za foleni ya sukari na sabuni, miaka ya themanini mwanzoni. Shamba lilikuwa bondeni Baray, ukishuka kutoka Oldeani kuelekea Ziwa Eyasi, na joto la kule hulijui mpaka ulale ndani yake. Mimi ni wa Mbulumbulu, ambako hata Januari mtu hatupi blanketi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia jenereta na pampu mbili za maji. Niliifundishwa na mzee aliyenitangulia kwa muda wa msimu mmoja, akaondoka akaniachia bisibisi mbili, koleo, na taa ya kupimia umeme. Watu wakaniita fundi. Mimi nilikuwa mtoto mwenye haya, nikiulizwa jambo na mkubwa nilitazama vidole vya miguu yangu na kusema "ndiyo" au "hakuna shida", lolote litakalomfanya aondoke upesi. Haya hiyo watu waliiita adabu, na nami nikaamini ni adabu.

Chumbani nililala na Mkumbo, Mnyiramba wa Singida, mwagiliaji wa bustani za vitunguu, mkubwa kwangu kwa miaka sita hivi. Vitanda viwili vya kamba, sanduku moja, msumari mmoja ukutani wenye mashati ya wote wawili, na harufu ya dizeli na mbegu za vitunguu isiyotoka hata ukifungua mlango siku nzima. Jioni Mkumbo alipika ugali na mlenda. Mlenda ulinishinda mwanzoni, nikawa nautafuna. Mkumbo alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Wewe Mbulu, mlenda hautafunwi! Unaufungulia njia tu, wenyewe unajua pa kwenda." Kila siku aliniita Mbulu, na mimi sikuwahi kumwita Mnyiramba. Nilimwita kaka.

Nyumba ya meneja ilijengwa na Mzungu wa zamani aliyekwisha kuondoka. Sakafu nyekundu ya saruji, madirisha ya wavu wa mbu, na katika chumba cha mwisho, ndani ya tundu la ukuta, kiyoyozi kikubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Siku ya kwanza Mkumbo alipoona hewa baridi inatoka pale, alisimama akiwa amefumba macho. "Huyu Mzungu alikuwa na akili," akasema. "Wenzake walipanda Karatu kufuata baridi. Yeye akaikata Karatu kipande, akaishusha bondeni ndani ya boksi." Tangu hapo jina likawa hilo. Mama Tarsila akitaka kusema meneja amelala mchana alisema, "Bwana kawasha Karatu."

Januari familia ya meneja ilihama kufuata shule za watoto. Bwana Lazaro, ndilo jina la meneja, akafunga chumba kile, akahamia cha mbele ili kubana dizeli. Siku hizo hizo pampu ndogo, ile iliyojaza tangi la kambi ya wafanyakazi, ikafa kapasita. Kapasita ni kikopo cha bati kinene kama betri ya tochi, na ndicho kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Bila hicho mota inaunguruma papo hapo kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Kipya kiliagizwa Arusha, na kuagiza Arusha wakati ule ilikuwa kama kuomba mvua. Wanawake wakaanza kuteka kwenye mfereji wanakonywea ng'ombe, watoto wakaharisha. Jioni moja Mkumbo akaniuliza, "Hivi Karatu nayo haina kikopo kama hicho?" Nikasema inacho, cha feni yake. "Basi nani anailalia? Tunaazima tu." Nikasema tumwulize Bwana. "Ukimwuliza utaongea naye wewe?" Alinijua. Jumapili iliyofuata, watu wakiwa kanisani, tuliingia tukakitoa. Tulipotoka nacho, Mama Tarsila alikuwa uani akichambua mchele. Alitazama mkono wangu, akarudi kwenye mchele wake.

Maji yakatoka. Wanawake wakapiga vigelegele, Mkumbo akainama kama mheshimiwa. Bwana Lazaro alikuja kuona, akanishika bega. "Fundi Bura! Umeiamshaje bila kipuri?" Nikatazama vidole vyangu. "Nimejaribu tu, Bwana." Hilo lilikuwa neno langu la kwanza la uongo katika jambo hili, na watu walilipigia makofi.

Machi masika yalianza milimani. Kule bondeni jua liliwaka vile vile, ila mito ilishuka imejaa na barabara zikakatika. Ndipo Mkumbo akaugua malaria, ikapanda kichwani. Zahanati haikuwa na dawa. Gari la meneja lilishindwa kuvuka korongo, likarudi. Siku mbili aliita watu nisiowajua kwa Kinyiramba, nami nilimwekea kitambaa cha maji kichwani, maji ya tangi, maji ya kikopo kile. Jumanne alfajiri akanyamaza. Nilidhani homa imeshuka, nikafurahi, nikatoka nje kuwasha moto wa uji.

Bwana Lazaro alikwenda misheni kutumia simu ya upepo, na misheni ya Singida ikampata baba yake Mkumbo. Mchana jibu likaja: baba anakuja, msizike mpaka amwone mwanawe uso. Watu wa kambi walitazamana. Kutoka kwao Iramba hadi Baray na masika yale, siku tatu zingetosha kwa aliyebahatika. Na joto lile, mtu akifa alfajiri huzikwa kabla ya kesho yake. Bwana Lazaro akasema taratibu, "Mwekeni chumba cha mwisho. Sehemu kubwa ya dizeli ya trekta itakwenda kwenye jenereta. Bura, washa Karatu." Hakuna aliyecheka jina hilo.

Nikawasha. Kompresa, ile inayotengeneza baridi, ikanguruma, feni ikabaki imesimama, mota yake ikilia mm, mm. Bwana Lazaro akauliza, "Kuna nini?" Nikasema nitaangalia. Nilifungua uso wa mashine mbele ya Mkumbo aliyelala kwenye kitanda cha chuma, amefunikwa shuka jeupe la nyumba ile. Nikafanya kama natafuta. Nikapima umeme, upo. Nikagusa fyuzi, nzima. Nikazungusha gurudumu la feni kwa kidole, likazunguka laini, halijakwama, vumbi tu. Mabomba ya ndani yalikwisha kuanza kuvaa barafu nyeupe, kwa sababu baridi ilikuwepo ila hakukuwa na wa kuisukuma ije chumbani. Yote hayo niliyajua kabla sijashika bisibisi. Mtu mwenye kinywa angesema pale pale: Bwana, kapasita tuliitoa mimi na marehemu. Nikasema, "Dakika kidogo, Bwana." Nikakimbilia pampu.

Kikopo nilikikuta kimevimba tumbo kama kupe aliyeshiba, kimeanza kutoa jasho la mafuta. Nikakifungua hivyo hivyo, nikakirudisha mahali pake. Feni ikazunguka. Hewa ikaja. Mama Tarsila, aliyekuwa mlangoni na beseni la maji, akasema "Mungu ni mwema," lakini akinitazama mimi. Kambini bomba likakauka, wanawake wakarudi mferejini. Nikawaambia pampu imeungua. Walinipa pole.

Jumatano asubuhi ndipo ninapokwama kila nikikumbuka. Masanja, dereva wa trekta, Mnyamwezi, alikuwa anapanda Oldeani kuleta mbao za jeneza, maana usiku mto ulikuwa umepungua kidogo, na trekta ndilo pekee lililoweza kuvuka. Kule Oldeani mashamba ya kahawa yalikuwa na karakana zenye mafundi na makopo ya vipuri vya kila namna. Masanja alisimamisha trekta mbele yangu injini ikiunguruma. "Bwana mdogo, napanda juu. Mashine yako haitaki kitu? Sema sasa, mto ukijaa sirudi tena." Bwana Lazaro naye alisimama kibarazani na kikombe cha chai ya rangi. "Bura, itafika Ijumaa?" Wawili hao walinitazama. Neno lilikuwa moja tu, kapasita. Lakini nyuma ya neno hilo yalikuwa maswali yote: iliyokuwepo iko wapi, nani aliitoa, mbona pampu ilipona bila kipuri. Nikatazama vidole vya miguu yangu. "Hakuna shida, Bwana. Itafika." Masanja akaingiza gia, akaondoka.

Saa sita mchana kikopo kilipasuka. Mlio mdogo, kama mbegu ya maharage kwenye moto, kisha harufu kali, kisha mm, mm, mm.

Nilisimama katika chumba kile nimelowa jasho. Mzee aliyenifundisha kazi aliwahi kunionyesha kwamba mota isiyo na kapasita ukiisukuma kwa mkono inaweza kushika mwendo, ila itachoka na kupata moto. Kidole hakingefika pale wakati umeme uko wazi, nilihitaji mti mwembamba mrefu. Nilimwendea Mama Tarsila jikoni, nikashindwa kusema nataka nini. Akaitazama mikono yangu yenye mafuta. Akauchomoa mwiko kutoka kwenye chungu cha ugali wa waombolezaji, akaufuta, akanipa. "Nenda, mwanangu. Usikatwe." Ugali akaumalizia kwa kipande cha kuni kilichochongwa.

Nikaingiza mpini, nikasukuma gurudumu. Likashika. Lilizunguka polepole, hewa ikaja nusu. Baada ya nusu saa mota ikapata moto, ikasimama. Nikaiacha ipoe, nikasukuma tena, na ncha ya mpini ikatafunwa. Hivyo mpaka jioni, nilipozima jenereta na kufungua madirisha kwa upepo wa ziwa. Kwetu Wairaqw, ambao wengine hutuita Wambulu, wazee hawakukaa na maiti namna hiyo, na aliyeigusa alitengwa, hata waliobatizwa walishika hilo kimyakimya. Mimi nilikaa kwenye kigoda, magoti yangu yakigusa kitanda. Siku hiyo ya pili uso wa Mkumbo ulikuwa bado wake. Midomo imeachana kidogo upande wa kushoto, kama anayetafuta jina la kunitania. Nilimwambia, "Kaka, sema wewe basi. Ulikuwa unaniongelea kila kitu."

Masanja alirudi na mbao, akaja kumuaga mtani wake. Mnyamwezi na Mnyiramba hutaniana hata msibani, mimi sikujua, nikadhani amelewa. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mkumbo! Amka, vitunguu vinakauka! Ona lilivyojilaza kwenye shuka la meneja. Maisha yako yote umelala kwenye kamba, umesubiri kufa ndipo upewe Karatu! Na umemfanya mtoto wa watu mtumishi wako, anakupepea kama sultani." Watu wakacheka kwa machozi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo feni unaisukuma kwa mwiko kwa nini, bwana mdogo? Si nilikuuliza asubuhi?" Nikatazama ncha ya mpini iliyotafunwa. Alisubiri. Kisha akatoka bila kuniuliza tena, na mto ulikuwa umekwisha kujaa nyuma yake.

Alhamisi mota ilishika mara nne. Mara ya tano ilitoa moshi. Nilisukuma tena na tena, gurudumu likazunguka kwa nguvu zangu tu na kusimama. Kabla ya saa saba harufu ilikuwa chumbani, na si ya mota. Sitaandika alivyokuwa. Bwana Lazaro aliingia na leso puani, akaangalia mashine, akaniangalia nilivyokuwa nimeshika mwiko, akasema, "Umefanya uwezavyo, kijana." Tukamzika saa kumi, pembeni ya shamba la vitunguu, jeneza limepigiliwa misumari pande zote.

Baba yake alifika Ijumaa saa tatu asubuhi. Mtu mfupi, suruali imekunjwa hadi magotini, tope limekauka miguuni, amebeba kibuyu cha asali kwa kamba. Basi lilikuwa limekwama, akatembea toka Karatu siku nzima na kulala njiani. Bwana Lazaro alimweleza kibarazani, naye mzee akawa anaitikia "eeh, eeh" kwa kila sentensi, mpaka alipoelewa kwamba amechelewa kwa jioni moja. Hakulia. Akauliza, "Nani alikaa naye?" Watu wote wakanielekeza.

Alinijia, akanishika mikono yote miwili, ile ile iliyokitoa kikopo. "Wewe ndiye Mbulu," akasema. "Alikuandika kwenye barua." Nilitamani ardhi inimeze. Akauliza, "Uso wake ulikuwaje?" Mama Tarsila alikuwa amesimama nyuma yake na chai, hakusogea. Pale ndipo mlango wa kusema kweli ulipofunguka mara ya mwisho, nikausikia ukifunguka. Nikasema, "Alikuwa kama amelala, baba. Mdomo umeachana kidogo hapa, kushoto." Mzee akatabasamu, machozi ndipo yakaja. "Ndivyo alivyolala tangu mdogo." Nilimpa uso wa siku ya pili. Wa siku ya tatu nilibaki nao mwenyewe. Akanipa kibuyu. "Hii niliwaletea nyote, lakini kula wewe. Ulimlinda mwanangu."

Niliacha kazi mwezi huo. Nyumbani shangazi alinipa chakula nje ya mlango, kwenye chombo changu peke yangu, mpaka mahindi yalipovunwa. Sikuuliza kwa nini. Asali sikuila, niliiacha juu ya kitanda cha kamba kilichobaki wazi, na hadi leo siwezi kuitia ulimini. Watu wamesema mimi ni mpole, mtu asiye na maneno. Wamenichagua mzee wa kanisa kwa ajili hiyo. Mama Tarsila alinisalimia sokoni kila Jumamosi, akaniuliza habari za mvua. Sasa najua alikuwa anasubiri nini, na mwiko ule juu ya dari ulikuwa unasubiri pamoja naye.

Kwa hiyo nakuambia wewe, baba wa Mkumbo, nimechelewa kuliko basi lako. Kapasita niliitoa mimi, na mwanao alikuwa pamoja nami kwa nia njema. Jumatano asubuhi niliulizwa na watu wawili, na ningesema neno moja ungemwona mwanao.

Baba yake atakuwa amekwisha kufa. Lakini kama wewe unayesoma ni wa Iramba, na kwenu kulikuwa na kijana Mkumbo aliyekwenda kazi ya mbegu Baray asirudi, niandikie kwa kupitia huyo huyo aliyekupa karatasi hizi. Niambie mzee aliishije na uso niliompa. Andika kwa mwandiko wowote, hata ukiwa na matusi. Nitasoma polepole, na safari hii nitajibu.